Nenda tu, hata kama unajua mistari miwili ya besi

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu mwenye miezi michache kwenye gitaa la besi anaweza kwenda kwenye kijiwe cha wapiga besi cha Jumapili bila kuaibika. Nenda. Hapo hakuna jaji, na wakongwe wa dansi wanapenda kuulizwa kuliko unavyodhani.

Tyuni nyumbani kabisa: E, A, D, G, kutoka uzi mnene. Beba waya wako, maana waya ndiyo kitu cha kwanza kupungua. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa, shusha sauti ya amplifaya hadi sifuri, ule mlio wa "pwaa!" unaua spika na unakera watu. Na gitaa la mtu haliguswi bila ruhusa, hata likiwa limelazwa kwenye kochi.

Jambo linalowashinda wengi ni hili: besi mbili zikipiga noti za chini kwa pamoja, sauti inakuwa uji. Mwenzako akishika msingi, wewe panda kwenye noti za juu za shingo ya gitaa, karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo), au nyamaza usikilize. Mtazame mkono wa kulia, si wa kushoto. Kwenye rumba utaona jinsi vidole vinavyozima uzi ili pengo lisikike. Mwombe akurudie polepole, umrekodi kwa simu akikubali.

Ukiitwa kupiga, piga ule mstari wako mmoja, taratibu. Slapu, ule upigaji wa kugonga uzi kwa kidole gumba, waachie wenyewe kwanza.