Mlimani na watoto wa miaka 4 na 7

Dada, umeuliza kama njia ya kilomita 8 katika hifadhi ya mlima inawafaa wanao wa miaka 4 na 7. Mimi ningeikata nusu. Tena usihesabu kilomita tu, tazama na mwinuko: mtu mzima mwenye pumzi huongeza kama saa nzima kwa kila mita 600 anazopanda. Mtoto je, anayesimama kwa kila jongoo? Mwache asimame, safari yenyewe ndiyo hiyo.

Baridi ndiyo huwaponza wengi. Kila mita 1,000 mnazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6, na mdogo uliyembeba mgongoni hatembei, hivyo wewe unatoka jasho naye anatetemeka. Mguse kisogoni, pakiwa pa baridi, mvalishe sweta hata akibisha. Mkipita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mtoto akilalamika kichwa, akikataa chakula au kutapika, shukeni papo hapo.

Anzeni alfajiri, maana mchana mawingu hujikusanya. Na mkubaliane mapema saa ya kugeuza, mfike kileleni msifike.