Maswali na Majibu: Kukata Kadi ya Fremu Nyumbani

SWALI

Ndugu Mhariri, nina picha ya marehemu babu, yenye sentimeta 20 kwa 25, ambayo ninataka kuitia katika fremu ya sentimeta 30 kwa 40. Fundi fremu wa mtaani kwetu hana ile kadi nene yenye dirisha, inayokaa kati ya picha na kioo, hivyo nimejaribu kuikata mwenyewe. Kadi tatu zimeharibika: kingo zinatoka nyuzinyuzi, na kwenye pembe mkato unapita mstari. Je, kasoro ni mkono wangu? Na kuna ubaya gani nikitumia manila ya kawaida?

Msomaji, Tanga

JIBU

Mkono wako tunausamehe, maana nyuzinyuzi hizo karibu kila mara huletwa na wembe uliokwisha makali na kitu kilichotandikwa chini ya kadi. Ukikatia juu ya meza tupu, au juu ya boksi lenye mikwaruzo ya zamani, ncha ya wembe hufuata mikwaruzo hiyo na kuichana karatasi badala ya kuikata. Tandika kipande kipya cha kadi, kisogeze kila unapoanza mkato mwingine, na uweke wembe mpya kwa kila dirisha. Wembe ni rahisi kuliko kadi, nawe umekwisha kuharibu tatu.

Pima na ukate ukiwa umeigeuza kadi, ili alama za penseli zibaki upande wa nyuma. Dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita 3 kila upande, yaani sentimeta 19.4 kwa 24.4, la sivyo picha itachungulia au kudondoka. Kwa fremu yako, pembeni zitabaki sentimeta 5.3 kila upande. Juu acha 7.3 na chini 8.3, kwa sababu picha iliyowekwa katikati kabisa huonekana kama inateremka. Chora mistari yote minne hadi ukingoni mwa kadi ili makutano yake yaonekane wazi.

Shikilia rula ya chuma upande wa kadi inayobaki, ili kisu kikiteleza kiharibu kipande cha katikati, kisha pitisha wembe mara tatu au nne kwa wepesi. Anayekandamiza ili akate kwa mpigo mmoja ndiye anayepita pembe. Simama nukta moja kabla ya makutano, geuza kadi, na umalizie pembe kwa wembe mtupu. Kipande cha katikati kikigoma kutoka, usikivute. Ule mkato wa mshazari wa nyuzi 45, unaoonyesha ukingo mweupe kuzunguka picha, unahitaji kikatio maalumu kinachoushika wembe kwa ulalo. Kwa mkono mtupu sikushauri, na mkato wa wima uliokatwa vizuri hauna aibu yoyote.

Kuhusu manila, tatizo lake la kwanza ni wembamba. Huko Tanga, kwenye unyevu wa bahari, picha inayogusa kioo huweza kugandamana nacho hata isibanduke bila kuchunika, na kazi kubwa ya kadi hii, ambayo kwa kawaida ina unene wa karibu milimita 1.5, ni kuacha nafasi ya hewa hapo. Tatizo la pili ni asidi: karatasi za bei nafuu zitokanazo na mti hugeuka rangi ya chai kadiri miaka inavyopita, na rangi hiyo huhamia kwenye picha iliyogusana nazo. Ulizia kadi isiyo na asidi, hasa ya pamba, na iliyo nyuma ya picha iwe ya aina hiyo hiyo.

Usiibandike picha ya babu kwa gundi wala selotepu. Kunja vipande vinne vya karatasi isiyo na asidi viwe vifuko vya pembetatu, vibandike kwenye kadi ya nyuma, kisha chomeka pembe za picha ndani yake. Kipande kilichotoka dirishani kihifadhi; kitafaa kujaribia wembe mpya.