Magari ya halmashauri na hewa ukaa: anzeni na logibuku, siyo na gari la umeme

Mleta mada ameuliza hivi: halmashauri yao mkoani Kigoma imeagizwa ipeleke mpango wa kupunguza hewa ukaa inayotoka kwenye magari ya kubeba watumishi. Wana magari 11, mengi ni Land Cruiser Hardtop za dizeli, na wenzake wanataka waombe bajeti ya magari mawili ya umeme. Naona wadau wengi juu hapo mmebishana kuhusu chaji. Mimi nijibu upande wa karakana na ofisi ya usafirishaji, ndiko ninakoshinda hapa Tabora.

Mkuu, hewa ukaa ya gari haihitaji mashine ya kupimia. Ipimeni kwa lita. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.68 za kaboni dioksidi, na petroli kilo 2.31. Msishangae kwamba lita yenyewe haifiki kilo moja: kaboni iliyomo inaungana na oksijeni ya hewani, na uzito mkubwa unatoka huko. Kwa hiyo mpango wowote usioanza na lita ngapi zimetumika kwa kilomita ngapi ni karatasi tu.

Na hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu logibuku, daftari la safari na mafuta ya gari, inajazwa ili ipite ukaguzi, siyo ili isomwe. Ukitaka ulaji halisi wa mafuta lazima upime fulu tenki hadi fulu tenki. Tatizo ni kwamba mafuta ya serikali yanatoka kwa kuponi: leo lita 60, keshokutwa 40, na tangi halijai hata mara moja. Fanyeni hivi. Tarehe mosi ya mwezi, gari lijazwe mpaka bunduki ya pampu ijikate yenyewe, mwandike kilomita. Katikati ya mwezi mtoe kuponi kama kawaida, mkijumlisha lita. Mwisho wa mwezi jazeni tena mpaka bunduki ijikate, kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale, maana sakafu ikiwa na mteremko tangi hudanganya kwa lita kadhaa. Zile lita za katikati, ukijumlisha na za kujazia mwisho, ndizo zilizotumika. Gawanya kilomita kwa lita.

Hardtop yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 cc 4,164 isiyo na turbo, ikiwa nzima inatembea kilomita 7 hadi 8 kwa lita kwenye lami, na 5 hadi 6 kwenye rafu rodi. Chukulia gari linatembea kilomita 2,500 kwa mwezi. Likiwa linakwenda kilomita 6 kwa lita, linakunywa lita 417, sawa na kilo 1,117 za hewa ukaa. Likirudishwa kwenye 7.5 ni lita 333, kilo 893. Tofauti ni zaidi ya kilo 220 kila mwezi kwa gari moja, na hamjanunua kitu.

Kabla hamjamlaumu dereva, angalieni saizi ya tairi. Gari lililotoka kiwandani na 7.50R16 likavalishwa 265/70R16, gurudumu limekuwa dogo, kwa hiyo dashibodi inahesabu kilomita nyingi kuliko zilizotembewa, karibu asilimia 3 hadi 4. Gari litaonekana halili mafuta kumbe linakula. Linganisheni na vibao vya kilomita barabarani au ramani ya simu kwa mwendo wa kilomita 50 hivi.

Ukishapata namba, isome hivi. Gari ambalo ulaji wake ni mbaya kila mwezi kwa kiwango kilekile, awe dereva huyu au yule, lina ugonjwa. Gari ambalo mwezi huu ni 7.4, ujao 5.1, kisha 7.2, na safari zinafanana, mafuta yananyonywa, yaani yanaibwa. Hilo halitibiwi na fundi, na kwenye mpango wenu liandikwe kwa jina lake.

Sasa ugonjwa. Cha kwanza ambacho ningefungua ni nyumba ya themostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto. Magari mengi ya huku hayana themostati kabisa. Siku moja gari lilichemsha, fundi akaitoa, akasema nchi yetu ya joto haiihitaji. Bila themostati injini haifiki joto lake la kazi, dizeli haiungui vizuri, na asubuhi gari linatembea kilomita nyingi likiwa baridi. Pia kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejeta, na gari hilohilo linaweza kuchemsha likipanda mlima na mzigo. Dalili ni rahisi: mshale wa joto unabaki chini hata baada ya nusu saa barabarani. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo. Kabla ya kukifunga kitumbukizeni kwenye sufuria ya maji jikoni, mpashe moto taratibu: kisipofunguka maji yakikaribia kuchemka, mrudishieni muuzaji.

Cha pili ni ea klina, yaani chujio la hewa. Kiangazi cha Tabora na barabara za udongo mwekundu za Kasulu na Kibondo vinaziba chujio kwa wiki, siyo kwa miezi. Kwenye injini ya zamani ya dizeli, pampu inapeleka mafuta yaleyale hata hewa ikipungua, hivyo mafuta yanakosa hewa na kutoka kama moshi mweusi. Gari la petroli la kisasa lina kompyuta inayopunguza mafuta, kwa hiyo lenyewe linapoteza nguvu zaidi kuliko mafuta. Chujio lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi psi 30. Wale wa gereji wanaopuliza kutoka nje kwa presha ya kujazia tairi za lori wanakandamiza vumbi ndani ya karatasi na kulitoboa. Baada ya kupuliza, ingiza taa ndani gizani. Ukiona nukta za mwanga, tupa. Na mtazame ile mpira ndogo chini ya nyumba ya chujio inayotema vumbi. Ikichanika, vumbi halitoki, linarudi kwenye chujio.

Moshi mweusi ukibaki baada ya chujio jipya, peleka nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, kwa fundi pampu zipimwe kwenye mashine. Moshi wa bluu ni oili, huo ni ugonjwa mwingine. Moshi mweupe gari likiwa limeshapata moto ni mafuta yasiyoungua, mara nyingi taimingi ya pampu, yaani muda inaopulizia mafuta, na anayefunga mkanda wa taimingi kwa makadirio akikosea jino moja tu utauona. Mkijaza fomu ya TEMESA, wakala wa serikali unaotengeneza magari, msiandike "gari lifanyiwe sevisi". Andikeni mnachotaka kipimwe: nozeli, themostati, taimingi, breki kama zinabana. Breki inayobana unaijua bila fundi: ukifika safari, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kalipa (kishikio cha pedi za breki) au kebo ya hendibreki imeng'ang'ania.

Halafu kuna jambo la bure kabisa ambalo halifanyiki. Hardtop nyingi zina loki kwenye magurudumu ya mbele, unazungusha kwa mkono kutoka FREE kwenda LOCK. Masika zinafungwa LOCK kwa ajili ya tope, na zinabaki hivyo mpaka masika ijayo. Kwenye lami, zikiwa LOCK, gari linazungusha ekseli na propela ya mbele bure. Mbaya zaidi ni anayeacha H4, gia ya kuendesha magurudumu yote manne, kwenye lami: gari hili halina difu ya kati ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti, magurudumu yanapigana, tairi zinaisha na mafuta yanaisha. Likiwa FREE kiangazi chote, mara moja kwa mwezi lifungwe na kutembezwa kilomita chache kwenye udongo ili grisi izunguke.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatoka, kwa geji, siyo kwa teke. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote nne inaongeza ulaji kwa karibu asilimia 0.2. Inaonekana ndogo, lakini tairi zilizopungua psi 15 tangu siku ya kuvuka mchanga ni za kawaida kabisa. Keria ya juu isiyobeba kitu ishushwe.

Mwendo. Hardtop lina umbo la kabati. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 90 kwenda 110 upepo unaokuzuia umeongezeka karibu nusu. Nawaelewa madereva, wanakimbizana na saa 12 jioni kwa sababu baada ya hapo gari la serikali linahitaji kibali. Dawa yake ni kikao cha Kibondo kuanza mapema, siyo kumhubiria dereva. Wale wanaotia nyutro wakishuka kutoka Kasulu kuelekea mjini Kigoma wakidhani wanaokoa mafuta, wanapoteza. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia pedeli, pampu inakata mafuta. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zinachemka.

Sailensa nayo, yaani kuacha injini ikiunguruma gari limesimama. Injini ya ukubwa huu ikiunguruma imesimama na AC imewashwa inakunywa kama lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Mkutano unaochukua muda wa saa tatu, dereva akiwa amelala ndani, ni lita 4 hivi, sawa na safari ya kilomita 30. Utaambiwa "napoza turbo". 1HZ haina turbo. Hata yenye turbo inatosha dakika moja au mbili baada ya mwendo mkali.

Pamoja na yote hayo, lita nyingi zaidi zimo kwenye ratiba. Afya, elimu na kilimo wakitoka Tabora kwenda Urambo siku moja kwa magari matatu, kilomita kama 180 kwenda na kurudi kila moja, ni lita 72 na kilo 193. Wakipanda gari moja ni lita 24, na uzito wa watu wanne zaidi hauonekani kwenye hesabu. Ubao wa safari za wiki ukutani, unaofungwa Ijumaa saa 6 mchana, unafanya kazi hii. Barua za mjini zipelekwe kwa pikipiki: ya cc 125 inatoa kama gramu 60 kwa kilomita, Hardtop karibu 380.

Kuhusu umeme: siyo wazo baya, ila angalieni umeme wenyewe unatoka wapi. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Jenereta linatoa kama uniti 3.3 kwa lita, yaani gramu 800 hivi kwa uniti. Gari dogo la umeme linalotumia uniti 0.2 kwa kilomita linakuwa limetoa gramu 160, na gari dogo la petroli la kilomita 12 kwa lita linatoa 190. Faida kiduchu. Likichajiwa kwenye gridi ya taifa yenye umeme wa maji wa bwawa la Rufiji ni habari nyingine, kwa hiyo gari la kwanza la umeme liwe la mjini, lilale ofisini, na msilichaji kwa jenereta la ofisi umeme ukikatika.

Mdau aliyependekeza tuchanganye mawese kwenye dizeli kwa kuwa Kigoma yamejaa: mawese ghafi yanaganda asubuhi yenye baridi, ni mazito kwa nozeli, na yanaacha masizi magumu kwenye ncha zake. Ili yawe mafuta ya gari lazima yapitishwe kiwandani kwanza. Kwenye gari la serikali utalipa pampu nzima, na jina lako litakuwa kwenye faili.