Cheni mpya inaruka ukipanda mlima

Kaka, umesema ulifunga cheni mpya Jumamosi na tayari imeruka mara mbili ukipanda mlima wa Riat na abiria. Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ulibadilisha? Kama meno yamechongoka na kulala upande mmoja, cheni mpya haitakaa hata uipange vipi. Nunua seti nzima, cheni na sproketi zake, uumie mara moja.

Kama meno bado ni mazima, weka piki kwa stendi kubwa na uzime injini. Usijaribu kufuta cheni ikizungushwa na injini. Kuna jamaa wa stegi yetu Kondele aliacha ncha ya kidole hapo. Legeza nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu la nyuma. Zile alama za pembeni za kupangia gurudumu mimi siziamini sana. Chukua uzi, pima kutoka bolti inayoshika mkono wa gurudumu kwa fremu hadi katikati ya ekseli, kulia kisha kushoto. Uzi ukipungua upande mmoja, gurudumu limekaa mshazari, na ndilo linalorusha cheni. Rekebisha kwa nati za kuvutia cheni, robo mzunguko kwa robo.

Sasa inua cheni ya chini, katikati, kwa kidole. Piki nyingi za boda hutaka icheze milimita 20 hadi 30, ukipima pale inapokaza zaidi. Usiivute kama waya wa kuanikia nguo: ukipakia watu, shoki zinashuka na cheni inajikaza yenyewe, beringi zinalia.

Klipu ya kiungo cha cheni, upande uliofungwa utangulie cheni inakokwenda. Kaza ekseli, pima tena, halafu rekebisha breki ya nyuma, kwa sababu umesogeza gurudumu.