Sarafu ya Tembo wa Tabora

SWALI: Mzee, shikamoo. Kuna mtu ananiuzia sarafu ya Kijerumani ya rupia 15, ya mwaka 1916, yenye tembo. Anataka shilingi 150,000. Sumaku haiivuti. Ninunue?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sumaku ikiivuta, ni bandia. Isipoivuta hujajua kitu, maana hata shaba haivutwi.

Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kupima desimali. Sarafu hizo zilipigwa chapa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Halisi ina gramu 7.17 hivi na upana wa milimita 22 na kidogo. Robo tatu yake ni dhahabu, ndiyo maana ni nzito kuliko inavyoonekana. Ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye umbo lilelile, haifiki hata gramu 5. Wajanja huinenepesha ili uzito utimie, kwa hiyo pima na unene.

Kisha chukua lenzi. Pitisha jicho ukingoni: ukiona mshono, imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa chapa, basi ni bandia. Vitundu vidogo vidogo karibu na miguu ya tembo vinasema hivyohivyo.

Tena, muulize sonara bei ya gramu 5.4 za dhahabu safi leo, maana ndiyo robo tatu ya sarafu halisi. Huyo muuzaji wako anaacha pesa zote hizo kwa nini? Mimi nisingempa hata nauli.

Na usiisugue kwa ndimu wala majivu. Kama kwa bahati ni halisi, utaipunguzia thamani.