Kwa kaka aliyeuliza: mradi umefungwa, kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa?

Kaka, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesoma maelezo yako yote. Mradi wa huduma za VVU uliokuwa ukifanyia kazi ulisimama baada ya Marekani kuzuia misaada yake Januari 2025, mshahara ukakatika. Nyumba ya Chanika imeishia kwenye lenta, watoto wako shule ya kulipia, na mkeo anataka gari liuzwe ila wewe unaona ukiliuza umekwisha. Unaomba kila usiku na usingizi hauji. Wengi wamekujibu "mwachie Mungu" wakaishia hapo. Mmoja amekushauri gari ulipeleke madhabahuni kama mbegu, yaani sadaka unayopanda ukitegemea Mungu akurudishie zaidi. Huyo nitamrudia.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka 2011 nilikuwa na kibanda cha kushonea bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo. Waliokuwepo Dar es Salaam wanaikumbuka Desemba ile. Siku chache kabla ya Krismasi ilinyesha mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu miaka ya 1950, mto ukapanda, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Baadaye serikali ikawapeleka waathirika wengi Mabwepande, huko juu ya Bunju, wakaanza upya kwenye mahema. Mimi nilikuwa mpangaji, nikaenda kwa shangazi Mbagala na nguo za mwilini.

Kwa fundi, Desemba ndiyo mavuno. Kibandani mlikuwa na cherehani zangu mbili, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Mlikuwa pia na vitambaa vya watu: magauni ya Krismasi ambayo hayajakatwa, na majora ya sare za kwaya moja ambayo wanakwaya walichangishana karibu mwaka mzima. Daftari la vipimo na advansi nalo lilikuwa humo. Maji yalipokauka nilikuta tope limefika kwenye mbao za paa.

Wapendwa walinijia na maneno ya Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kwa cherehani zangu niliyapokea, tena kwa moyo mweupe. Nililia, nikamshukuru Mungu kwamba nipo hai, nikaziacha ziende. Kwenye vitambaa nilikwama. Ningewezaje kumwambia mama aliyeleta kitenge chake kwamba Bwana ametwaa? Kilikuwa cha kwake, sikuwa na mamlaka ya kukisamehe kwa niaba yake.

Hapo ndipo nilipoielewa Luka 16:12, Yesu anapouliza: kama hamkuwa waaminifu katika mali ya mtu mwingine, nani atawapa iliyo yenu? Tangu hapo naamini mkono unaopaswa kulegea ni ule ulioshika cha kwako. Ulioshika cha mwenzako ukaze. Mahubiri mengi ya kutojishikamanisha na mali hayatenganishi haya mawili, na watu wanaumia.

Niliandika daftari upya kwa kumbukumbu na kumfuata kila mmoja. Wengine walinisamehe palepale, tena wapo walionitajia advansi ndogo kuliko niliyoikumbuka mimi. Wengine walidai chao mpaka senti ya mwisho, nikalipa kidogo kidogo kwa kuwashonea. Sikuwaona wabaya, ilikuwa haki yao. Mwenyekiti wa kwaya aliniita kwenye kikao, wakakubali nilipe nusu ya kitambaa kwa awamu na kushona bure. Krismasi ile waliimba na sare za zamani. Niliketi nyuma kanisani, na aibu iliyokuwa imenibana iliondoka kwa sababu hapakuwa na mtu ninayemkwepa.

Cherehani ya kuanzia niliazimwa na mama mmoja mjane, ilikuwa ya marehemu mumewe. Hakunidai kodi. Nimeshaizoea, nimepata wateja, akaja kuihitaji aiuze apate ada ya mwanawe. Kaka, siku ile ilikuwa ngumu kuliko ya mafuriko. Maji hayakuomba ruhusa, lakini mama yule alisimama mlangoni akisubiri niseme ndiyo. Niliipaka mafuta, nikabadilisha mkanda, nikamsaidia kuibeba hadi kwa mnunuzi. Riziki haikukatika. Nilishona kwa zamu kwenye cherehani ya fundi mwenzangu mpaka nikapata yangu.

Sasa wewe. Keti na mkeo muandike vitu vyote, mkitenga vilivyo vyenu na vile ambavyo tayari ni vya watu: ada mnayodaiwa, mkopo, mshahara wa dada wa kazi, fedha za kikundi kama ziko mkononi mwako. Gari ni lenu. Liuzeni sasa, mkiwa bado na nguvu ya kukataa bei mbaya. Mtu akijua una shida ya wiki hii atakupa nusu. Mlipe mnayodaiwa, kinachobaki kiwe chakula na mtaji. Watoto wamalize muhula, kisha mwende shule ya serikali kuomba nafasi bila kuona haya.

Kuhusu mbegu: Marko 7 Yesu anawakemea waliosema "korbani", wakampa Mungu kile ambacho kingewalisha wazazi wao. Nampenda Mungu na natoa fungu langu la kumi, lakini ada ya mtoto uliyokwisha kuahidi si yako kuipeleka madhabahuni, hata anayeiomba akiwa na upako kiasi gani.

Nenda pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama walikuwa wakikukata mchango kwenye mshahara. Lipo fao la upotevu wa ajira kwa mwanachama aliyeachishwa ambaye hakujiuzulu, na lina masharti ya miezi uliyochangia. Beba mkataba na barua ya kusitishwa kazi, waulize wewe unaangukia wapi. Kuuliza hakupunguzi imani. Israeli walipewa mana na bado kila asubuhi walitoka kuiokota.

Usingizi nao. Kwa shangazi Mbagala niliacha kuomba kwa jumla. Nilitaja kitu kimoja kimoja kwa jina lake: Bwana, cherehani ni yako, meza ni yako, deni la mama fulani nitalipa Jumamosi, nisaidie. Ilichukua muda mrefu kila usiku, na nilikuwa nasinzia kabla sijamaliza orodha.

Nyumba ya Chanika msiiuze kwa hofu, haiwadai chakula. Nondo zilizochomoza zipakeni uji wa saruji zisiliwe na kutu, tofali zilizobaki mzihesabu na kumkabidhi jirani, mengine yasubiri. Na tafadhali nijibu kuhusu mkopo wa gari: kama benki bado inashikilia kadi ya gari, basi nusu ya ushauri wangu hapo juu inabadilika, itabidi uanze na benki kabla ya kutafuta mteja.