Muulizeni Koo, Si Chupa

Wiki hii nimekuta tena fomu ya vidonge imeandikwa "amemeza vyote" kwa mgonjwa ambaye hata uji unamkwama. Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye utafiti wa dawa za saratani ya umio na tumbo hapa Nakuru, nawapenda, lakini mtanizeesha kabla ya wakati.

1. Uzito wa ziara iliyopita haunakiliwi. Watu wetu hukonda kati ya mzunguko na mzunguko wa dawa, na dozi inatokana na uzito na urefu. Mvueni koti na gambuti, mpimeni.

2. Oksaliplatini, ile kemo ya dripu, na baridi haviivani. Anayetoka Molo mwambieni mapema avae glavu na asiguse maji baridi. Msipomwambia, koo litambana alfajiri, atadhani anakata roho, na simu atakayopiga ni yangu.

3. Vidonge. Hapa nikae kidogo. Kituo nilichokuwa zamani tulikuwa na mzee wa kutoka Olenguruone, kundi la kapesitabini, kemo ya vidonge. Kila ziara chupa ilirudi tupu, mfamasia akahesabu, mimi nikatia sahihi. Monita, mkaguzi wa utafiti, akatusifu. Siku moja binti yake akatoa kijiko mkobani, akauliza kama sabuni ya kawaida inatosha kukiosha. Kilikuwa na unga mwekundu hafifu. Alikuwa akivisaga vidonge, anakoroga kwenye uji, mzee anakunywa nusu bakuli na kutapika nusu. Mgongoni kabeba mtoto anayenyonya! Dawa ile humezwa nzima, na unga wake ni hatari kwa anayeusaga. Hakuna aliyetudanganya. Tuliuliza, "Vimeisha?" Wakajibu vimeisha.

Tukaandika ripoti ya ukiukaji wa itifaki, yaani mwongozo wa utafiti, tukamweleza sponsa, mdhamini wa utafiti, tukaieleza kamati ya maadili. Mzee akawekewa stenti, mrija wa kupanua umio. Kumtazama yule binti machoni ndiko kulikonishinda.

Tangu siku hiyo nauliza: "Mzee, jana ulikula nini, na kilishuka?" Akisema maziwa tu, mwiteni daktari kabla ya kwenda famasia. Badala ya vidonge kuna fluorourasili ya dripu, itifaki ikiruhusu.

Msiseme ni kidonge tu. Katika KEYNOTE-590, utafiti mkubwa wa saratani ya umio, nusu ya waliopewa kemo peke yake waliishi zaidi ya miezi 9.8, na nusu ya walioongezewa pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, zaidi ya 12.4. Tunachokiwinda ni tofauti ya miezi miwili na nusu hivi. Mkijaza fomu kwa kubahatisha, hamtaiona hata ikiwepo.

4. Akilazwa popote, ripoti itoke ndani ya saa 24 tangu mjue. Si tangu mtoke likizo. Mhusika anajijua.

5. Tezi ya limfu isiyofika milimita 15 kwa kipenyo kifupi haiingii kwenye orodha ya uvimbe wa kupimwa kwenye picha. Radiolojia wamechoka nasi.

6. Asiyejua kusoma anahitaji shahidi asiyehusika na utafiti wakati wa ridhaa. Kijana wa famasia ni wa kwetu. Acheni kumwita.